Hati Moja, Majina Mawili

Tiaret, Algeria
14 Novemba 2009

Dada yangu Sabriya,

Leo ni tarehe kumi na nne Novemba, mwaka 2009. Nimekaa nje ya Basra miaka thelathini na miezi minane. Kila barua naianza hivi, na uliwahi kunicheka ukasema naandika kama mfungwa anayechora mistari ukutani. Nicheke tu. Nadhani siku nitakayoacha kuhesabu ndiyo siku nitakayokuwa nimehama kweli.

Habari ya kuuzwa kiwanda cha barafu imenifikia baada ya wiki tano. Niliisoma nimesimama pale posta, koti limelowa, kwa kuwa huku theluji imewahi mwaka huu. Nikakumbuka Baba alivyouza shamba la mitende la Abu al-Khasib akanunua hisa mia mbili, na Mama akalia siku tatu. Unakumbuka alivyomwambia? "Umeuza kinachoota, ukanunua kinachoyeyuka." Julai ilipofika, watu wakapanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha barafu cha kupoza maji ya watoto, Baba akamchukua Mama akaenda kumwonyesha ile foleni.

Nieleze vizuri: kinalipwa nini sasa, na kinalipwaje? Gawio la kila Machi nalijua. Kampuni inafunga hesabu, inasema kila hisa imepata kiasi gani, majina yanasomwa uani kiwandani, aliyepo analipwa. Lakini kampuni yenyewe ikifa, mwenye hisa anapewa nini? Mimi mwalimu wa jiografia. Najua mto unavyogawanyika ukikaribia bahari, fedha sizijui.

Nami nakuahidi, Machi hii nitakuja. Mke wangu Yamina, Mungu amrehemu, hayupo tena wa kuuguzwa, na shule ilikwisha kunistaafisha. Goti tu ndilo linalonisumbua.

Halafu nikusifu. Mwandiko wako umetulia mno siku hizi. Zamani herufi zako zilikuwa zinakimbizana kama kuku.

Mdogo wako,
Mizhir

*

Basra
9 Desemba 2009

Mizhir, mdogo wangu,

Mwandiko ni miwani mipya. Acha uchokozi.

Nimekwenda mwenyewe kuuliza, nikakaa kwenye benchi la ofisini tangu saa tatu hadi adhuhuri, na Hajji Sayhud akaninunulia chai ya ndimu kavu kwa fedha yake, jambo ambalo halijatokea tangu tuzaliwe. Bado ni karani yuleyule. Bado anasoma majina kama anayewagombeza watu.

Ni hivi. Mnunuzi ameleta fedha, na mahakama imemweka hakimu mmoja mstaafu, Hakimu Nuri, asimamie. Kwanza wanalipwa wanaoidai kampuni, kisha wafanyakazi, na mwisho wenye hisa, kila mtu kwa idadi ya hisa zake. Gawio lilikuwa kama matunda ya mwaka, sasa wanatukatia mti wenyewe tugawane kuni. Malipo ni mara moja. Siku ya mwisho ni tarehe 31 Machi. Asiyethibitishwa hadi siku hiyo, fungu lake linawekwa mahakamani, na Hajji Sayhud anasema fedha ikiingia mle, wajukuu ndio huja kuitoa. Mimi na wewe hatuna wajukuu.

Sasa shida yetu. Hisa za Baba zimo katika hati moja yenye majina mawili, lako na langu, kwa sababu alikataa zigawanywe. Mafungu mawili yako, moja langu, kama sheria inavyosema. Hati haikatwi. Tunalipwa wote au halipwi yeyote.

Nikauliza kama unaweza kutuma wakala. Wanataka kitambulisho chako. Kitambulisho chako nilikichoma jikoni usiku ule polisi walipokuja kukutafuta, na kipya hupewi mpaka usimame mwenyewe mbele ya msajili. Nikauliza kama unaweza kuhesabiwa kuwa umepotea, mahakama ikupitishie hukumu ya waliopotea. Kijana wa dirishani akafungua daftari la wenye hisa, akacheka. "Kapotea wapi, mama, na kila Machi ameitika?"

Kweli umeitika. Mwaka ulioondoka, serikali ilikuwa ikichukua hisa za waliokimbia. Hajji Sayhud akasoma, "Mizhir na Sabriya, wana wa Abdulwahid." Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Tupo." Hajji hakuinua kichwa, akaweka alama. Tangu hapo ni miaka thelathini ninasema tupo, na hakuna mtu katika ua ule aliyewahi kugeuka kumtafuta huyo wa pili. Nilidhani nakulindia fungu lako. Leo daftari linasema hujawahi kutoka Basra.

Kwa hiyo njia ni moja: njoo. Ukifika nitakupikia samaki wa sbur, maana Machi ndiyo wakati wake.

Dada yako,
Sabriya

*

(Karatasi ndogo, ndani ya bahasha ileile)

Mwalimu Mizhir,

Samahani kwa kukuandikia bila ruhusa. Naitwa Rabab, jirani wa dada yako, muuguzi mstaafu. Barua zote za miaka sita hii nimeziandika mimi, yeye akisema. Miwani mipya hakuna. Ana presha ya macho. Jicho la kulia limekufa zamani, na la kushoto linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Daktari anasema akipasuliwa kabla ya joto kuanza, hiki kidogo kilichobaki kinaweza kuokolewa. Akichelewa, giza. Gharama yake hatuwezi, hata nikiuza bangili zangu, ambazo nimeshaziuza.

Fedha ya kiwanda inatosha. Ndiyo maana anahangaika. Si tamaa.

Ameniapisha nisikwambie. Anasema ukijua utakuja kwa huruma, naye anataka uje kwa hamu. Tafadhali usimwonyeshe kuwa unajua.

Rabab

*

Tiaret
6 Januari 2010

Dada yangu Sabriya,

Leo ni tarehe sita Januari 2010. Miaka thelathini na miezi kumi kasoro siku chache.

Goti limevimba. Daktari wa hapa amenikataza ndege mpaka msimu wa mvua uishe, na barabara ya kwenda Algiers ina theluji, na nauli nayo si kitu cha kuokota. Pensheni yangu huitoi nje ya nchi hii hata ukiishona kwenye pindo la suruali. Ingekuwa inatoka, ningekutumia yote na ningekula mkate mtupu kwa furaha. Usiwe na wasiwasi. Nimetafuta njia nyingine.

Nimeandika hati ya kuacha fungu langu. Imo humu. Nimeiandika kwa mkono wangu mbele ya mashahidi wawili wa kwetu: Abdulzahra, yule mpimaji ardhi wa Tannuma ambaye sasa yuko Oran, na mdogo wake Falih. Walikuja kwa basi, wakala couscous yangu wakasema ni adhabu. Hati inasema hivi: "Fungu langu katika hisa za baba yetu nampa dada yangu Sabriya alipokee na kulitumia, mpaka nitakaporudi." Mpe Hakimu Nuri.

Ukilipwa, nakuomba jambo moja: zile fedha zitumie. Zitumie kwa ajili yako mwenyewe. Macho, meno, magoti, mwili wa mzee una mahali pengi pa kutia fedha. Usifanye kama ulivyofanya na gawio langu la miaka ya vikwazo.

Mdogo wako,
Mizhir

*

Basra
11 Februari 2010

Mdogo wangu,

Gawio lako la miaka ya vikwazo nililiweka ndani ya bati la biskuti, na bado limo. Kila mwaka nilichukua fungu langu moja nikaweka mawili yako. Ni kweli dinari zile sasa hazinunui hata lile bati. Mwaka wa 1995 yai moja lilikuwa kitu cha kufikiria, na Rabab alinijia juu: "Mama, kula fedha ya huyo kaka yako, yeye anakula huko." Nikamwambia fedha ya mtu aliyepo hailiwi bila yeye kujua. Na wewe ulikuwa upo. Nilikuwa nimeshasema.

Sasa sikiliza yaliyotokea jana.

Walituita wote uani, wenye hisa wote tuliobaki, kama arobaini. Hakimu Nuri ni mtu mdogo, mnyonge wa mwili, sauti yake ya chini. Alisoma hati yako mara mbili. Kisha akauliza mtu huyu anayeandika kutoka Algeria aliitikaje majina Basra mwezi wa Machi uliopita.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, niliitika mimi. Miaka yote ni mimi."

Nilidhani atamwita polisi. Kabla hajasema neno nikasikia kiti kinaburuzwa nyuma yangu, na ni Abu Chasib, muuza barafu, unamkumbuka, yule mwenye kigugumizi. Akasema si miaka yote. Mwaka aliokufa mwanangu Raad vitani, mimi sikutoka nyumbani, akaitika yeye: "Wapo." Akasimama mjane wa fundi mitambo, akasema mwaka niliougua homa ya matumbo aliitika yeye. Mwingine akasema mwaka fulani waliitika watatu kwa pamoja, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. Watu wakaanza kucheka, na Hakimu akawaacha wacheke. Mwisho Hajji Sayhud akavua miwani. Akasema mwaka wa 1991, mabomu yalipoangukia daraja, hakuna mtu aliyekuja uani. Alisoma majina yote peke yake, na alipofika kwetu akajiitikia mwenyewe.

Hakimu akaiweka hati mezani. Akauliza, "Wote mlijua?"

Abu Chasib akajibu, "Tulijua nini, Mheshimiwa? Hata sasa hatujui."

Basi Hakimu akasema hatamshitaki mtu kwa miaka ile. Lakini hati yako ameirudisha. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Mtu anayesema mpaka nitakaporudi bado ni mnufaika wetu. Siwezi kumlipa mwingine fungu la mtu ambaye kesho atabisha hodi. Aje alipokee mwenyewe, au aandike bila sharti tarehe aliyoondoka, kwamba fungu ameliacha kabisa, na kwamba harudi. Nikiona neno mpaka humo ndani, nitairudisha tena."

Nilisimama pale nikahisi nimevuliwa buibui mbele za watu. Nikamwambia hilo halitaandikwa. Akasema, pole mama, hapo ndipo sheria inapoishia.

Mizhir, nakuonya kama nilivyokuwa nikikuonya ukiwa na miaka sita: usiandike. Sikukaa miaka thelathini nikisema tupo ili wewe uandike karatasi ya kunifanya mwongo. Fedha ikikaa mahakamani ikae. Mimi sina haja kubwa. Nyumba ninayo, chai ninayo, naona vizuri.

Goti likipoa, njoo. Hata Aprili. Hata ukichelewa malipo, njoo tu.

Dada yako,
Sabriya

Mwalimu, ni mimi Rabab. Amelala. Daktari alimpima jana tena. Anasema Aprili, si zaidi.

*

Tiaret
2 Machi 2010

Dada yangu Sabriya,

Leo ni tarehe mbili Machi 2010. Zimebaki siku tisa itimie miaka thelathini na moja.

Rabab, msomee polepole, na usiruke kitu. Dada, yeye hana kosa. Alinifichulia kwa mapenzi, na hata asingenifichulia nilikuwa najua. Najua tangu miaka mitano iliyopita. Nimekuwa nikikusifia mwandiko nikijua si wako. Kwa hilo sina la kujitetea.

Nilikuja, Sabriya. Machi ya mwaka 2005. Shule ilikuwa imenipa malipo ya kustaafu, nikapita Kuwait, nikapanda teksi hadi Basra. Sikukwambia, nilitaka nikushtue. Nilihesabu siku ili nifike siku ya majina, kwa sababu nilikuwa nimejiandalia mchezo mmoja miaka mingi: Hajji Sayhud asome, wewe ufungue mdomo, na mimi niitike kabla yako.

Nikafika lango la kiwanda saa nne. Mlinzi akaniambia kwa heshima zote, "Karibu mzee, unamtafuta nani? Leo ni siku ya wenye hisa." Nikasimama kando ya ukuta. Ndipo mkaja, wewe umeshika mkono wa mwanamke mwingine, mkono wako wa pili unapapasa ukuta. Buibui lako liligusa kiganja changu. Yule mwanamke aliniambia, "Samahani mzee, tupishe." Rabab, ulikuwa wewe. Nikawapisha.

Naliona lile jicho jeupe hadi leo. Nilitaka kukuita. Kisha Hajji akaanza kusoma, na nikajiambia ngoja, mpango ni uleule, ngoja jina.

Akasoma. Ukasema, "Tupo." Mtu mmoja mbele yangu akatania, "Mwambieni Mizhir apunguze kelele, hatumsikii karani." Ua mzima ukacheka, nawe ukacheka. Ukageuza uso kidogo kushoto kwako, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ukatabasamu kama anayemwambia mdogo wake atulie.

Nikamwona, Dada, yule Mizhir wako. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Alikuwa na masharubu meusi na hakuwahi kukuacha peke yako na polisi mlangoni. Umemlea miaka ile yote, mji mzima umekusaidia kumlea. Mimi nilikuwa mzee mwenye meno ya bandia aliyeegemea ukuta, mwenye tiketi ya kurudi mfukoni, na mke mgonjwa Tiaret anayenisubiri kwa siku kumi. Ningeitika, ungempoteza yule, na mimi ungenipata kwa wiki moja.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mfupi zaidi ni kwamba niliogopa. Nilikwenda kwenye mkahawa ulio mbele ya daraja, nikanywa chai ya ndimu kavu vikombe vitatu, na jioni nilikuwa Kuwait. Nikakuandikia kwamba baridi imenizuia. Baada ya hapo kila mwaka nimekuahidi Machi, na kila mwaka nilijua.

Goti langu halina kitu. Natembea nalo kila asubuhi hadi kwa Yamina. Nafasi ya kaburi ya upande wake wa kulia nimekwisha kuinunua.

Ulinionya nisiandike kwa sababu nitakufanya mwongo. Hukuwahi kusema uongo. Kila uliposema tupo nilikuwepo, kwa kuwa ulisema. Sehemu yangu iliyobaki hai ni ile uliyoitunza uani kiwandani. Hii ya huku ilikuwa ikila, ikilala, ikisahihisha ramani za wanafunzi.

Hati mpya imo ndani. Ipeleke kwa Hakimu kabla ya tarehe 31. Ukilipwa, siku hiyohiyo uende kwa daktari, Rabab awe shahidi wangu. Lile bati la biskuti mpe Abu Chasib afungie barafu.

Na siku ya malipo, Hajji Sayhud atasoma jina moja tu. Usigeuke kushoto. Jibu, "Nipo."

Mdogo wako,
Mizhir

*

HATI

Kwa Mheshimiwa Hakimu Nuri, msimamizi wa malipo ya mwisho ya kiwanda cha barafu, Basra.

Imeandikwa Tiaret, 2 Machi 2010, kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi Abdulzahra Mutashar na Falih Mutashar, wazaliwa wa Tannuma, ambao wametia saini upande wa nyuma pamoja nami.

Mimi, Mizhir Abdulwahid, niliyezaliwa Basra mwaka 1941, niliondoka mji huo usiku wa tarehe 11 Machi 1979. Sikuwapo katika malipo yoyote tangu siku hiyo. Mwaka 2005 nilifika langoni na sikuitika.

Fungu langu katika hisa mia mbili za marehemu baba yangu nimeliacha lote kwa dada yangu Sabriya Abdulwahid, leo na siku zote, bila sharti na bila madai.

Sitarudi.